Kutumia "laud" bila kuharibu sifa: mwongozo kamili kwa wanaoandika Kiingereza Arusha na Moshi

Arusha ni mji unaoandika Kiingereza kila siku ya kazi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kampuni za utalii ndiyo usiseme. Ukishuka Moshi unakuta vyuo, hospitali ya KCMC na ofisi zinazopeleka wageni mlimani. Kote huko kuna mtu ambaye saa nne asubuhi anawekewa mezani sentensi kama "Mkuu wa wilaya amewapongeza vijana kwa kusafisha mitaro", na saa sita mchana inatakiwa iwe imetoka kwa Kiingereza. Anatafuta kitenzi kizito kidogo, anakutana na "laud", yaani kusifu, neno fupi lenye sauti ya heshima, analichukua. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu neno hilo lina mahali pake na masharti yake.

Shika hili kwanza, maana mengine yote yanatoka humo: "laud" ni kitenzi cha anayesimulia sifa, si cha anayezitoa. Mwandishi wa habari huandika kwamba fulani amemsifu fulani. Fulani mwenyewe, akiwa jukwaani, hasemi "I laud you". Atasema "I commend you", au "I applaud you", au "well done" tu, na wanaomsikiliza wataona ameongea kama binadamu.

Neno lilikotoka

Mzizi wake ni Kilatini: "laus" ni sifa, "laudare" ni kusifu. Kiingereza kinalo tangu karne ya 14. Wakatoliki wanaosali vipindi vya Kanisa wanalifahamu kwa mlango mwingine: Masifu ya Asubuhi kwa Kiingereza huitwa "Lauds", jina lililotokana na Zaburi ya 148 hadi ya 150, ambamo kwa Kilatini neno "laudate", yaani msifuni, linarudi tena na tena. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inalo katika Warumi 15:11, "laud him, all ye people". Na katika vyuo vya nchi kadhaa anayemaliza kwa alama za juu huandikiwa "cum laude", kwa sifa.

Tumeyataja haya kwa sababu yanasaidia kazi. Neno hili lilikulia kwenye ibada na kwenye halaiki, watu wakisikia. Mpaka leo linataka hadhira. Kwa hiyo kabla ya kuliandika jiulize maswali matatu. Nani anasifu? Anasifu mbele ya nani? Anasifu kwa lipi hasa? Likikosekana jibu la swali moja, tumia neno jingine. Mgeni akiingia jikoni kwenye loji akamwambia mpishi supu ya ndizi imekolea, hiyo ni sifa ya watu wawili, na Kiingereza chake ni "complimented the cook on the soup". Angalia herufi: "compliment" yenye "i" ni kusifia, "complement" yenye "e" ni kukamilishana. Gazeti la utalii likiandika ukurasa mzima juu ya chakula cha mpishi huyo, hapo ndipo amekuwa "lauded".

Kupongeza si kitenzi kimoja cha Kiingereza

Hili ndilo shimo wanamotumbukia wengi, na tutakaa hapa kidogo.

Kiswahili cha hotuba zetu kinatumia "pongeza" kwa mambo yasiyopungua matatu. Tunampongeza mtu aliyepata kitu: amefaulu, ameteuliwa, ameoa, amejifungua. Tunampongeza aliyefanya kazi nzuri. Na mara nyingi tunasema "nawapongeza kwa kuja kwa wingi" tukiwa na maana ya asanteni. Kiingereza kina vitenzi tofauti kwa kila moja. Aliyepata kitu ni "congratulate", na kihusishi chake ni "on": "The MP congratulated the minister on her appointment." Ukiandika "lauded the minister for her appointment" umesema minister anasifiwa kwa kuteuliwa, kana kwamba kuteuliwa ni tendo alilolifanya yeye. Aliyefanya kazi ni "commend", "praise" au "laud", na vyote vinachukua "for". Waliokuja kwa wingi ni "thank": "He thanked residents for turning out in large numbers."

Tofauti ya "congratulate" na "laud" inaonekana vizuri kwa wanariadha wawili wa kaskazini. Filbert Bayi, mtu wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, akiongoza tangu mwanzo. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaanguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, mshindi akiwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake.

Bayi alipata kitu cha kushika: rekodi. "Bayi was congratulated on his world record." Unaweza pia kumsifu kwa namna alivyokimbia: "Bayi was lauded for leading from the start." Akhwari hakushinda medali wala rekodi. Ukiandika "congratulated on finishing last" umemkejeli. Lakini "Akhwari has been lauded for finishing the race" ni sentensi iliyonyooka na ya kweli, kwa sababu kinachosifiwa ni moyo wake, na watu wameendelea kuusifu hadharani miaka yote hii. Ndiyo maana hapo tumeandika "has been". Ukiona tofauti hiyo kwa hao wawili, nusu ya kazi imeisha.

Kuna kitenzi kingine kinachovaliwa vibaya katika ofisi zetu: "appreciate". Sentensi "The DC appreciated the villagers" haisemi kwamba aliwashukuru. "Appreciate" ni jambo la moyoni, ni kutambua thamani ya kitu, na kwa kawaida kinachofuata ni kitu au juhudi, si watu: "He said he appreciated the villagers' support." Kama alitoa shukrani kwa mdomo, andika "thanked". Neno rahisi, na halijawahi kumtia mtu aibu.

Kujenga sentensi, hatua kwa hatua

Tuchukue ile ya asubuhi, tuijaze kidogo: "Mkuu wa wilaya jana amewapongeza vijana wa kata hiyo kwa kujitolea kusafisha mitaro kabla ya masika."

Hatua ya kwanza ni kuchagua maana. Hawa hawakupata kitu, wamefanya kazi. Aliyesema ni kiongozi, amesema mbele ya watu, na wewe unasimulia. "Laud" inakaa, "commend" inakaa, "praise" inakaa. Kwa barua ya ndani ya ofisi chagua "commend". Kwa habari ya gazeti, "laud" au "praise".

Hatua ya pili ni wakati. Kiswahili cha habari kinapenda "-me-" hata pale penye "jana". Kiingereza hakikubali. Ukitaja siku, saa au mwaka uliokwisha, kitenzi kinakuwa "lauded" peke yake. "Has lauded yesterday" ni kosa, na katika taarifa zinazotoka kwetu hili ni miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa. Usipotaja wakati, "has lauded" ni sawa, na magazeti hufungua nayo habari.

Hatua ya tatu ni yule anayesifiwa. Mweke mara tu baada ya kitenzi, bila kihusishi chochote katikati. Si "lauded to the youths", si "lauded about the youths". Na usimwache nje: "The DC lauded for the cleanliness" haina maana, kwa sababu kitenzi hiki hakisimami bila shamirisho. Neno "youths" lina kasoro yake. Katika magazeti ya Uingereza mara nyingi linabeba harufu ya vijana wa vurugu. "Young people" ni salama zaidi.

Hatua ya nne ni sababu. "Kwa ku-" ya Kiswahili inageuka "for" pamoja na kitenzi chenye "-ing": kwa kusafisha, "for clearing", kwa kutokata tamaa, "for refusing to give up", kwa jinsi walivyojipanga, "for the way they organised themselves". Njia mbili zimefungwa. Usiandike "lauded them to clear", maana hapo inasomeka kama amewaagiza. Usiandike "lauded that they cleared", kwa sababu "laud" haifuatwi na "that". Kwa sababu hiyohiyo usiitumie kufungia maneno ya msemaji. "'You have done well,' he lauded" itamfanya mhariri yeyote ashike kalamu nyekundu. Andika "he said".

Hatua ya tano ni kuangalia vitu vya nyumbani. Mitaro ni "drains", kuisafisha ni "clear", kwa sababu kinachofanyika ni kuizibua. "Clean" inaleta picha ya sabuni na maji. Masika ni "the long rains", na vuli ni "the short rains".

Matokeo: "The District Commissioner yesterday lauded young people in the ward for volunteering to clear the drains before the long rains." Maneno 20, na kila mtu yuko mahali pake. Aliyoyasema kiongozi yanakuja kwenye sentensi ya pili, na kitenzi "said".

Sasa fikiria kuigeuza: "Young people in the ward were lauded for volunteering to clear the drains." Kauli ya kutendwa inafaa pale anayesifiwa ana uzito kuliko anayesifu, na kwa maoni yetu hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Aliyeingia kwenye tope ndiye anayestahili kuanza sentensi. Ukitaka kumtaja aliyesifu, kihusishi ni "by". Si "from", si "with", hata kama Kiswahili kinasema "wamesifiwa na".

Kuna muundo mwingine mmoja: kumsifu mtu kuwa kitu fulani. Kiswahili kinasema "alisifiwa kuwa shujaa", na "kuwa" inamvuta mwandishi aandike "lauded to be a hero". Sahihi ni "lauded as a hero". Vivyo hivyo kwa vitu: "The project was widely lauded as a model for other regions." Hilo "widely" ni rafiki wa kudumu wa kitenzi hiki, lakini litumie pale tu ambapo kweli waliosifu ni wengi na wa pande mbalimbali. Mtu mmoja na naibu wake hawafanyi "widely".

Kuhusu vichwa vya habari: vinatumia wakati uliopo hata kwa jambo la jana, na "the" hudondoshwa. "DC lauds young people for clearing drains." Katika magazeti ya Afrika Mashariki utakutana sana na "lauded over". Kwa msomaji wa nje "over" inaambatana zaidi na lawama, kama "criticised over delays", na atasoma mara mbili kujua kama mtu anasifiwa au anasutwa. Ukiwa unaandikia wafadhili au wageni, baki na "for".

Ukoo wa "sifu" na mitego yake

Programu za kutafsiri zinateleza hapa, na watu pia.

"Moshi inasifika kwa usafi." Usiandike "is lauded for". "Sifika" ni kauli ya kutendeka: sifa ipo, imekaa, hatumtafuti aliyeitoa. Kiingereza chake ni "Moshi is known for its cleanliness", au "renowned" ukitaka uzito. "Lauded" inataka mtu aliyefungua mdomo akasifu.

"Sifa za mwombaji" kwenye tangazo la kazi ni "qualifications". Hakuna anayesifiwa pale. "Sifa za udongo huu" ni "properties". "Ana sifa mbaya" ni "has a bad reputation". "Anapenda sifa" ni "likes to show off". Kila moja ina neno lake, na hakuna hata moja inayokaribia "laud".

"Kujisifu" ni "boast". "He lauded himself" inaeleweka, ila inasomeka kama mwandishi anamchora mtu kwa dharau.

"Kusifia" iangalie usoni. Mara nyingine ni kusifu tu kwa wingi, mara nyingine ni kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Ikiwa ni hiyo ya pili, Kiingereza ni "flatter". Neno "laud" lenyewe halina hila ndani yake. Ukilitumia umesema sifa zilitolewa kwa nia ya dhati.

"Utumishi uliotukuka", maneno tunayoyapenda kwenye vyeti na hotuba za kustaafu, ni "distinguished service" au "outstanding service". Tafsiri ya "glorified service" ifute hata kama programu imekupa. Siku hizi "glorified" mara nyingi hubeba dharau, kama mtu akisema fulani ni "a glorified messenger": tarishi aliyepewa cheo kikubwa.

Na lile la mitandaoni, "apewe maua yake", kwa Kiingereza cha ofisini ni "deserves credit".

Majirani wa "laud", kwa haraka

"Praise" ndilo neno la kawaida kuliko yote. Ukisita, tumia hilo, halikosi.

"Commend" lina harufu ya mamlaka: mwajiri, jaji wa mashindano, kamati. Lina pia maana ya pili, kumpendekeza mtu: "I commend her to you." Hiyo ya pili ina "to", ya kwanza ina "for".

"Applaud" ni kupiga makofi, na pia kuunga mkono uamuzi. "Cheer" ni kushangilia kwa sauti. Wanaokimbia Kilimanjaro Marathon wanapopita barabarani Moshi, watu wakiwapigia kelele na vigelegele, hao wanakuwa "cheered". Usiandike "lauded" kwa mtu anayepita mbio.

"Hail" ni sifa ya moto, ya papo hapo, na inapenda "as": "hailed as a breakthrough". Neno hilohilo ni mvua ya mawe, na ni kupungia teksi isimame, na "hail from" ni kutokea mahali, kwa hiyo soma sentensi yako yote kabla ya kuituma.

"Extol" ni kusifu kwa kirefu, na karibu kila mara kinachofuata ni "the virtues of". Ukiongeza mwisho, "l" zinakuwa mbili: "extolled", "extolling".

"Acclaimed" hutumika zaidi kama kivumishi cha kazi za sanaa na wasanii. "Pay tribute to" ni ya aliyefariki au anayestaafu. Kwenye msiba usitumie "laud" kabisa. Wafiwa wanataka utulivu, na "laud" ina kelele za jukwaa.

"Laudable" na "laudatory"

Wanachanganywa kama mapacha. "Laudable" ni kitu kinachostahili sifa: juhudi, lengo, wazo. "Laudatory" ni kitu kinachotoa sifa: hotuba, makala, barua. Hotuba iliyojaa sifa ni "a laudatory speech". Ukiandika "a laudable speech" umeisifu hotuba yenyewe.

Wanaoandika maombi ya fedha wasikilize zaidi hapa. Kwa Kiingereza cha wafadhili, "laudable" mara nyingi ni hodi ya "but". Mtathmini akiandika "The aims of the project are laudable", tafuta sentensi inayofuata. Aghalabu itaanza na "However", na tatizo liko humo. Kwa hiyo usiliandike juu ya mradi wako mwenyewe. Kwanza unajisifu, pili unamkumbusha msomaji kutafuta kasoro.

Mdomoni

Mshereheshaji au mtangazaji ana kazi ya ziada. "Laud" haisomwi "laudi" kama ilivyoandikwa. Irabu ni moja, "o" ndefu: "lood". Ukisema "laud" kwa "au" ya Kiswahili, anayesikia anapata "loud", yenye sauti kubwa. Kwa lafudhi ya Uingereza "laud" na "lord" hutamkwa sawasawa, kwa hiyo usishangae ukisikia kama Bwana. "Lauded" ni silabi mbili, "loo-did", na "lauds" inaishia na "z". "Laudable" ni "loo-da-bol", mkazo ukiwa mwanzoni. Wamarekani wengine huielekeza irabu kwenye "a", "laad"; nayo ni sahihi, mradi usichanganye mbili katika hotuba moja.

Barua na vyeti

Hapa "laud" haihitajiki, na watu wanaiweka kwa nguvu. Chukua barua ya kumtambulisha mwongoza watalii anayeomba kazi kampuni nyingine. Rasimu inayoonekana sana ni ya aina hii: "I highly laud him for being hardworking and he is lauded by all guests." Matatizo ni manne. "I laud" ni ya jukwaani. "Highly" inakwenda na "recommend". "All guests" haithibitiki. Na "hardworking" haimwambii mwajiri chochote, kwa sababu kila barua inalo.

Iandike hivi: "I am pleased to recommend him. In three seasons on the Machame route he checked every client's oxygen level morning and evening, and twice turned a client back from Barafu in good time." Hakuna hata kitenzi cha sifa humo ukiacha "recommend", na bado anayeisoma anamwona mtu anayejua kwamba kufika Uhuru, mita 5895, si kitu mbele ya uhai wa mgeni. Bila shaka andika yaliyotokea kweli, si mfano huu. Wapagazi nao wanastahili barua za namna hii: uzito aliobeba, njia alizopanda, misimu aliyofanya kazi.

Kwa cheti, maneno yaliyozoeleka ni "awarded to", jina, kisha "in recognition of", kisha jambo lenyewe: "in recognition of 20 years of distinguished service in the maternity ward". Cheti cha kusifu kazi huitwa "Certificate of Commendation", na cha shukrani "Certificate of Appreciation". Chagua kimoja kulingana na unachotoa. Aliyejitolea siku moja kwenye usajili wa mbio hupewa "Appreciation".

Kwa tamko la taasisi, ambalo Arusha linaandikwa kila wiki, anayesema ni "sisi". "We laud the decision" si kosa la sarufi, lakini lina uvimbe. "We welcome the decision" inasema uamuzi umepokelewa vizuri. "We commend the Partner States for" inasema wamefanya kazi. Ukiwa na shaka, soma tamko kwa sauti ukijifikiria mkuu wako analisoma mbele ya kamera.

Kabla hujatuma

Fungua faili, tafuta "laud" kwa kitufe cha kutafutia, na uhesabu. Kwenye taarifa ya ukurasa mmoja, mara moja inatosha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa maandishi ni hivyohivyo: sifa ya tatu katika aya moja inazitia maji zile mbili za kwanza. Badilisha zilizozidi ziwe "praised" au "thanked", au zifute uweke tendo lenyewe.

Kwa ile moja iliyobaki, angalia kushoto kwake: kuna mtu anayesifu, na si yule atakayesaini karatasi? Angalia kulia: kuna anayesifiwa bila kihusishi mbele yake, kisha "for" au "as"? Angalia kama kuna "yesterday" au tarehe popote kwenye sentensi, na kama ipo, ondoa "has". Halafu soma lile jambo linalofuata "for". Likiwa ni "their efforts" tu, rudi kwa aliyekuletea taarifa umuulize vijana walisafisha mita ngapi za mtaro, wapi, na kwa siku ngapi, uandike hivyo.